NYOKA AKIINGIA NYUMBANI

 



Somo letu la Ijumaa hii ni juu ya nyoka. Mtu asiseme: mbona msikiti umeacha habari za sala na saumu, sasa unatuletea habari za nyoka? Bukhari na Muslim katika vitabu vyao wamekusanya hadithi nyingi juu ya nyoka wa nyumbani, na watu waliozisikia mara ya kwanza walikaa katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti ya mitende, kama wengi wetu tunavyokaa katika nyumba za udongo na nyasi. Tena sisi wa Maniema, wa Kivu, wa Tanganyika na wa Tshopo hatuna haja ya kuambiwa kwamba nyoka yupo. Tunayohitaji ni habari nyingine. Saa ile nyoka anapoonekana chini ya kitanda, au mtoto anapopiga kelele usiku, familia nyingi zinafanya haraka jambo lililostahili polepole, na zinafanya polepole jambo lililostahili haraka. Nyoka wanamvamia palepale. Mgonjwa wanamkawiza mpaka kesho yake.

KIJANA WA MADINA

Imamu Muslim amepokea kisa hiki. Mtu mmoja alimtembelea Abu Said al-Khudri (r.a.) akamkuta anasali. Akakaa kumngojea. Mara akasikia kitu kinatikisika katika makuti pembeni mwa nyumba, akatazama, kumbe nyoka. Akaruka ili amuue. Abu Said, naye yumo ndani ya sala, akamwashiria: kaa. Alipomaliza alimwonyesha chumba kimoja cha nyumba ile, akamwambia kwamba humo alikuwa akikaa kijana wa kwao, bwana harusi mpya.

Ilikuwa siku za vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Kijana yule kila adhuhuri alikuwa anaomba ruhusa kwa Mtume (S.A.W.) aende kumwangalia mkewe. Siku moja Mtume alimpa ruhusa, akamwagiza abebe silaha yake kwa kuwahofia Banu Quraydha njiani. Kijana akafika kwake akamkuta mkewe amesimama mlangoni, nje. Wivu ukampanda, akamwelekezea mkuki. Mke akamwambia ashushe mkuki wake, aingie kwanza aone ni nini kilichomtoa nyumbani. Akaingia, akakuta nyoka mkubwa amejikunja juu ya kitanda. Akamchoma kwa mkuki, akatoka naye na kuusimika mkuki uani. Nyoka akajipindua akamrukia. Abu Said anasema haikujulikana nani alitangulia kufa, nyoka au kijana.

Masahaba walipomwendea Mtume wamwombe amwombee Mungu ili mwenzao afufuke, aliwaambia wamwombee maghufira. Kisha akawajulisha kwamba Madina wamo majini waliosilimu. Basi wakimwona mmoja wao wamuonye siku tatu, na akionekana baada ya hapo wamuue, kwani huyo ni shetani.

Ndugu zangu, masheikh wengi wanapotoa kisa hiki husimama juu ya majini peke yake. Majini wapo, Kurani imewataja, wala hatuondoi maana ya hadithi. Lakini mtazameni yule mwanamke. Ameona nyoka juu ya kitanda chake. Hakuchukua mchi, hakuchukua panga, hakupiga mawe. Alitoka nje, akasimama mlangoni, akangoja, na akawa hai. Aliyeingia na hasira na mkuki ndiye aliyekufa. Hata leo waganga wa hospitali watakueleza jambo lilelile: watu wengi huumwa katika kujaribu kumuua nyoka au kumkamata, saa ambapo walikuwa na nafasi ya kumkimbia.

Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akiua kila nyoka amwonaye, hata Abu Lubaba alipompa habari kwamba Mtume alikataza kuua nyoka wa majumbani, akaacha. Katika hadithi hizohizo wametolewa nyoka wa aina mbili, mwenye mistari miwili mgongoni na mwenye mkia mfupi, kwa sababu wanapofusha macho na kuharibu mimba, hao wauawe. Wanavyuoni wametofautiana: wako waliosema onyo la siku tatu ni la nyumba za Madina peke yake, na wako waliosema ni la nyumba zote. Hatutaki kufungua ugomvi huo katika karatasi hii fupi. Hakuna katika wao aliyesema kwamba mtoto mchanga aachwe chumba kimoja na fira kwa siku tatu. Kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Anayeonya aonye kwa ulimi wake, na huku watoto wamekwisha kutolewa nje.

Basi akionekana nyoka ndani, fanyeni kama alivyofanya mama yule. Watu wote watoke, wadogo na wazee wabebwe. Mtu mmoja mzima abaki mbali, penye mwanga, akimwangalia nyoka asipotee, maana nyoka uliyempoteza ndani ya nyumba ni mbaya kuliko nyoka unayemwona. Mlango wa nje uachwe wazi. Mara nyingi atatoka mwenyewe, kwa kuwa hakuja kwa ajili yako. Akikataa kutoka, aitwe mtu mwenye uzoefu, aje na mti mrefu, si panga fupi. Kama ni swila, yule anayetema, jueni kwamba sumu yake inaruka zaidi ya mita 2 na inalenga macho. Asogelewe na mwenye miwani, au asisogelewe. Na mkisha kumkata kichwa, msikiguse kichwa kile. Kinaweza kuuma bado kwa muda mrefu baada ya kutengana na mwili.

Wala si kila nyoka wa nyumbani ana sumu. Yuko mmoja wa rangi ya kahawia, mwembamba, anayekaa katika kuta na dari akila panya tu. Yuko mwingine ambaye chakula chake ni mayai, hana hata meno ya kutajika. Lakini kwa kuwa wengi wetu hatuwezi kuwatenganisha usiku kwa mwanga wa tochi, kila nyoka asiyejulikana ahesabiwe ana sumu, hata awe mdogo kama kamba ya kiatu. Yuko mweusi mdogo anayekaa chini ya udongo na hutoka baada ya mvua. Watu humshika nyuma ya shingo wakidhani wamemweza, naye ana jino linalotokea pembeni mwa mdomo na humchoma mshikaji bila hata kufungua kinywa.

HAKUTUMWA NA MTU

Hapa tunaingia katika jambo zito, na tunaomba tusomwe kwa utulivu.

Katika vijiji vyetu na hata katika mitaa ya mjini, nyoka akiingia nyumbani, swali la kwanza si «ameingilia wapi?» Swali la kwanza ni «nani amemtuma?» Kama nyumba ina ugomvi wa parseli, jibu ni jirani. Kama mume ana wake wawili, jibu ni mke mwenza. Kama kuna bibi kizee anayekaa peke yake mwisho wa njia, basi masikini huyo ana hatia kabla jua halijachwa. Wanakwenda kwa mfumu, mfumu anataja jina, na kutoka hapo kuna watu wamefukuzwa na mali zao kuchomwa, na wengine wamepigwa mpaka kufa, kwa ajili ya nyoka aliyekuwa anatafuta panya. Na waliofanya hivyo, wengine wao wanasali pamoja nasi katika safu moja.

Ndugu Mwislamu, nyoka hana sababu ya kukutafuta wewe. Wewe si chakula chake. Anafuata panya, anafuata chura, anafuata kifaranga na mayai, anafuata ubaridi wakati wa jua kali na mahali pakavu wakati wa mvua. Tazama nyumba zetu za Kasongo na Kindu baada ya mavuno. Mpunga umewekwa ndani kwa magunia kwa kuogopa wezi. Mpunga unaita panya. Panya wanatoboa ukuta wa udongo chini, karibu na msingi. Tundu lile alilolitoboa panya ndilo mlango wa fira. Anaingia usiku na kufuata harufu kwa ulimi wake mpaka anafika. Kuku wamelazwa jikoni au chini ya kitanda, nao ni hivyohivyo. Maji machafu ya kuoshea sahani yamemwagwa nyuma ya nyumba, vyura wamejaa, na anayewala vyura amefuata.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani amemtuma, chukua taa uizunguke nyumba yako mwenyewe. Tafuta matundu chini ya ukuta, uyazibe kwa udongo na vipande vya matofali. Magunia ya mpunga yainuliwe juu ya mbao. Kuku wajengewe kibanda chao, mbali kidogo na chumba cha kulala. Kuni na matofali yaliyobaki yasirundikwe ukutani. Huko nyoka hukaa mchana, na huko ndiko mama anapopitisha mkono kila jioni akichukua kuni za kupikia sombe. Majani yafyekwe kuzunguka nyumba, na matawi ya mti yanayogusa paa yakatwe, kwa kuwa yule nyoka mrefu wa kijani anapita juu kwa juu. Watu humwaga petroli, huchoma matairi, hupanda vitunguu saumu. Hayo yanaleta harufu na gharama. Panya akibaki, nyoka atarudi.

Katika Surat Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi. Anayemtaja mtu kuwa mchawi kwa sababu ya nyoka, na hana alichokiona ila maneno ya mfumu, huyo amebeba mzigo wa dhana, na damu ikimwagika amebeba mzigo wa damu. Tena anapoteza wakati: huku wanazozana uani juu ya jina la mchawi, mgonjwa amelala ndani na sumu inatembea.

KITANDA NA GIZA

Mtume (S.A.W.) alitufundisha tunapokwenda kulala tukung'ute matandiko yetu kwa upande wa ndani wa nguo, kwa sababu mtu hajui ni nini kimeingia humo nyuma yake. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Alitufundisha pia tufunge milango usiku na kufunika vyombo. Watu wengi wanaifanya sunna hii ya kukung'uta kwa kupapasa mara tatu kwa kiganja, haraka, katika giza. Kupapasa nyoka kwa kiganja si sunna! Imetajwa nguo ili mkono uwe mbali. Na kwa kuwa tochi ni rahisi leo, iwashwe kwanza.

Wanaoumwa wakiwa usingizini ni wale wanaolala chini juu ya mkeka, na kwetu hao ni watoto, wageni na wanafunzi wa chuo. Swila ana tabia ya kuingia ndani usiku na kuuma waliolala. Kitanda hata cha miti, kilichoinuka, kinasaidia. Na kipo kitu kingine ambacho serikali na mashirika yametugawia bure nasi tunakitumia kuvulia samaki na kufunikia miche: chandarua, tunachokiita mustikere. Mwaka 2007 walichapishwa waganga waliofanya uchunguzi katika vijiji vya kusini mashariki mwa Nepal, nchi yenye nyoka wengi wa kuingia majumbani, wakakuta kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kwa uchache sana kuliko wasiolala ndani yake. Lakini lazima kingo zake zifungiwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua kinachoning'inia wazi hakimzuii mbu wala nyoka.

Kwenda chooni usiku, viatu na taa, na fimbo ya kugongagonga ardhi mbele. Nyoka anasikia mtikisiko wa ardhi na huondoka akipewa nafasi. Isipokuwa kifutu, na wale ndugu zake wanene wa msituni wenye mapambo kama ya zulia: hao hawaondoki. Wanalala kimya juu ya majani makavu, wanatumaini hutawaona, na mmoja wao ana meno yanayofika sentimita 5. Kwa hao, taa ndiyo ulinzi. Watoto nao wakatazwe kuingiza mkono katika shimo la panya. Tunajua panya ni nyama kwa wengi hapa. Hilo waulizwe wanaofahamu fikihi yake. Shimo ni shimo.

AKISHA KUUMA

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba kila mwaka watu kama milioni 5.4 wanaumwa na nyoka duniani, na katika hao wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki vilema ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 OMS iliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 ikaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kabla ya mwaka 2030.

Soma tena tarakimu za kwanza. Katika watu wawili walioumwa, mmoja au zaidi hakuingiwa na sumu. Ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kuimwaga. Hapa ndipo umeegemea ufalme wote wa dawa za uongo. Mfumu akiwatibu kumi, watano au sita wangepona hata kwa kupakwa unga wa muhogo. Hao sita watamsifu mpaka mwisho wa maisha yao. Wale wengine wamezikwa, hawasemi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa jiwe jeusi, pierre noire, ambalo limeenea katika nchi yetu yote na nyumba nyingi zinalihifadhi katika kitambaa kama dhahabu. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata juu ya kidonda chenye damu, na watu wanasema: limeshika, linavuta sumu! Linanata kwa sababu mfupa uliochomwa unanyonya unyevu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha majaribio waliyofanya kwa panya waliopigwa sindano za sumu za nyoka wa Afrika, wakiwemo kifutu na swila. Jiwe halikuwaokoa.

Sumu si moja. Ya fira mweusi wa msituni inakwenda katika mishipa ya fahamu: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, mate yanatoka kwa kuwa mgonjwa hawezi kumeza, mwisho kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Mgonjwa huyo anaweza kuwa anasikia kila neno mnalosema. Ya kifutu inavimbisha mguu wote, inaleta malengelenge na kutoa damu, na sumu za nyoka wengine wa jamaa yake huzuia damu kuganda, mtu akatokwa na damu katika fizi na katika chale alizochanjwa na mfumu. Ya swila huozesha nyama mahali alipouma. Kwa hiyo asidanganyike mtu akiona mguu haujavimba akasema hakuna neno. Sumu ya fira inaweza isivimbishe sana, na baada ya saa chache ikaua.

Linalotakiwa ni hili. Mgonjwa atulizwe, alale, asitembee, asikimbie kuita watu. Pete, bangili, shanga za mguuni na kiatu vitolewe upesi kabla ya uvimbe. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe pamoja na kipande cha ubao usitikisike, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Mkumbuke saa aliyoumwa. Kisha njiani, hapohapo, usiku huohuo. Tipoyi, baiskeli ya kusukumwa, mtumbwi, chochote. Kwa pikipiki, mgonjwa akae katikati na mtu wa nyuma amshike. Akitapika au kope zikilegea, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Nyoka msimtafute ili mmpeleke. Mkitafuta mtapata mgonjwa wa pili. Kumweleza mganga rangi yake na alivyofanya kunatosha.

Na haya yasifanywe. Asifungwe kamba ya kukaza. Kamba inaua mguu, na watu wamekatwa miguu kwa ajili ya kamba. Kama mtu amekwisha kuifunga na imekaa muda mrefu, msiifungue kwa ghafla njiani, aifungue mganga. Asichanjwe wembe. Asinyonywe kwa mdomo. Asipewe petroli wala pombe wala mizizi ya kutapisha, kwa maana asiyeweza kumeza atavuta matapishi katika mapafu. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji safi, mengi, polepole, robo saa au zaidi, asisugue, kisha apelekwe. Jicho linaloachwa na vidonda linaweza kupofuka.

JUU YA KISOMO

Wengine watasema: Je, Masahaba hawakusoma Fatiha juu ya aliyeumwa? Walisoma. Hadithi ni ya Abu Said huyuhuyu, katika Bukhari na Muslim. Walikuwa safarini, wakafikia kwa kabila moja, wakanyimwa ukaribishaji. Mkubwa wa kabila akaumwa na mdudu mwenye sumu. Watu wake wakamfanyia kila walilolijua, lisimfae, ndipo wakawaendea Waislamu, na Sahaba mmoja akamsomea Fatiha akapona, wakapewa kondoo, na Mtume (S.A.W.) akalikubali jambo lile.

Angalieni: watu wale walikuwa wamemaliza kila tiba waliyokuwa nayo. Haikuwako hospitali ambayo Sahaba aliwazuia wasiende. Na Mtume huyohuyo mabedui walipomuuliza kama watumie dawa, aliwajibu ndiyo, kwamba Mungu hakuweka ugonjwa ila ameweka na dawa yake, isipokuwa uzee. Basi Fatiha isomwe, wala tusiione ndogo. Isomwe juu ya tipoyi, isomwe nyuma ya pikipiki, isomwe penye mlango wa hospitali. Mwalimu anayeletewa mtoto aliyeumwa usiku, akamketisha sebuleni asome, aandike kombe, afunge hirizi, apokee kuku, na alfajiri ndipo awaambie «mpelekeni sasa», mwalimu huyo ajue atasimama mbele ya Mola wake na saa zile za usiku zitahesabiwa. Tunalisema hili wazi kwa sababu ni letu. La wafumu tunalisema kila wiki.

Dawa inayoshinda sumu ni seromu ya kupinga sumu. Ilianza kutengenezwa na Albert Calmette wa Institut Pasteur mwaka 1895: farasi hupewa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake inajifunza kuipinga, na kutoka damu ile hutolewa dawa. Huingizwa katika mshipa, na mganga aliyejiandaa, kwa kuwa wako ambao mwili wao huikataa kwa nguvu, na lazima dawa ya kutuliza hali hiyo iwe karibu. Asiinunue mtu sokoni na kujipiga nyumbani.

Seromu ni ghali na ni chache. Iliyojulikana sana katika Afrika yetu, Fav-Afrique, kiwanda cha Sanofi kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, na za mwisho zilikwisha muda wake mwaka 2016. Zipo nyingine sasa, lakini si kila chupa iliyoandikwa «dhidi ya nyoka» inafaa. Zimewahi kuuzwa Afrika seromu zilizotengenezwa kwa nyoka wa India, na wagonjwa wa Kiafrika walikufa nazo. Karatasi yake lazima itaje nyoka wa Afrika.

Kwa hiyo kamati ya kila msikiti ifanye jambo hili kabla ya mvua, si siku ya msiba. Wawili waende kwa titilere wa kituo cha afya, na ikiwezekana kwa mganga mkuu wa zone, waulize: seromu iko? Iko wapi? Muda wake umefika lini? Kama haiko hapa, hospitali gani inayo, na njia yake inapitika usiku? Majibu yaandikwe na kubandikwa mlangoni mwa msikiti. Hata pasipokuwa na seromu, hospitali inaweza kumsaidia mgonjwa kupumua, kumpa maji na damu, na kumlinda na pepopunda. Na pawe na kisanduku kidogo cha nauli ya pikipiki kwa dharura kama hizi, kijazwe siku za Ijumaa. Baba anayetafuta mkopo saa saba za usiku huku mwanawe anashindwa kuvuta pumzi ni mtu wa kusaidiwa kabla hajauza shamba.

SWALI LILILOULIZWA

Imeulizwa: mtu yumo katika sala, akamwona nyoka mbele yake, afanye nini? Jibu: Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kuuawa nyoka na nge hata ndani ya sala. Kwa hiyo akiweza kumuua kwa kitendo kidogo, aendelee na sala yake. Kama itamlazimu kuhangaika sana, kukimbia au kuwatoa watoto, aikate sala, amalize haja hiyo, kisha aianze upya, wala hana dhambi. Na imamu asiwashike watu katika safu kwa kusoma sura ndefu akijua nyoka yumo msikitini. Ibn Masud (r.a.) amepokea kwamba walikuwa na Mtume katika pango la Mina, nyoka akatokea, Masahaba wakamkimbilia wamuue, akawaponyoka. Mtume hakuwalaumu, wala hakuwaagiza wafukue pango lote kumtafuta. Aliwaambia kwamba nyoka ameepushwa na shari yao kama wao walivyoepushwa na shari yake.